Mozaiki kwenye shawa: shughuli yote iko kwenye ukuta

Tuelewane kwanza, mozaiki, yaani vile vipande vidogo vidogo vinavyouzwa vikiwa vimebandikwa pamoja kwenye shiti, sio tailizi kubwa iliyokatwa ndogo ndogo. Fundi anaweza kuwa moto kweli kwenye zile 60 kwa 60 za sebuleni halafu kwenye mozaiki akakuharibia bafu zima, sababu tailizi kubwa ina uvumilivu, ukuta ukiwa na bonde anaongeza gundi nyuma anagonga na nyundo ya mpira imekaa, ila mozaiki ukuta ukibonyea na yenyewe inabonyea. Na ukichukua ya kioo kama mimi ndo kabisa, ukiwasha taa usiku kila kipande kinawaka upande wake na kila kosa la lipu unaliona.

Kwa hiyo mi nilianza kubishania lipu kabla hata ya kwenda Kariakoo kuangalia rangi. Chukua rula ya alumini ya mita 2, ilaze ukutani wima, mlalo na mshazari, uangalie mwanga unapita wapi chini yake. Unapopita hapo pajazwe, paachwe pakauke vizuri, ndo mengine yaendelee. Fundi atanuna kidogo, muache anune.

Halafu maji. Watu wanadhani tailizi ndo inazuia maji, wapi bwana. Shiti moja la vile vipande vya sentimita 2 kwa 2 lina vipande 225, yaani 15 kwa 15, na mita moja ya mraba inakula karibu mashiti tisa na nusu, sasa hesabu mwenyewe hiyo mifereji ya grauti (ule ujazo wa kati ya kipande na kipande) ni mingapi, na grauti ya saruji inanyonya maji. Ndo maana dawa ya kuzuia maji inapakwa juu ya lipu kabla ya chochote, mkono wa kwanza wima, ukikauka wa pili mlalo, na kwenye kona na mabomba yanapotokea unalaza kile kitambaa chake. Hapa Dar utaambiwa "bosi, saruji inatosha". Haitoshi. Nenda kaangalie ukuta wa chumba kilichopakana na bafu kwenye nyumba nyingi za mjini, rangi imevimba, chumvi nyeupe imetoka nje kama unga.

Gundi sasa. Uji wa saruji kwenye kioo hapana, kioo hakinyonyi maji kwahiyo saruji tupu haina pa kushikia, siku moja unaoga kipande kinakudondokea mguuni. Nunua gundi ya tailizi inayokubali kioo, tena iwe nyeupe, sababu kioo kinaonyesha nyuma na ile ya kijivu inaua rangi yote. Mwiko uwe wa meno madogo, na hapa kuna kitu fundi wangu alikifanya nikampenda bure: akishapitisha meno anageuza mwiko, anasawazisha ile mistari na upande bapa, ndo anabandika shiti. Asipofanya hivyo gundi inapanda kwenye mifereji na mistari inaonekana kwa nyuma ya kioo. Na joto letu hili asipake ukuta mzima, apake eneo la mashiti mawili matatu tu, akigusa gundi haishiki kidole aikwangue apake upya.

Kama shiti lina karatasi kwa mbele, gundi ikishashika kidogo analowanisha karatasi na sponji, anasubiri ilegee, anaibandua taratibu kwenda chini. Hapo ndo unaona vipande vilivyohama, na bado vinasogezeka kwa ncha ya kisu. Simama naye hapo. Angalia hasa shiti linapokutana na shiti, ule upenyo ukizidi upenyo wa ndani hata kwa milimita moja, ukutani utaona miraba mikubwa badala ya mozaiki moja iliyoungana. Makosa ya kazi hii mengi yako hapo wallahi.

Grauti subiri kesho yake, na kwa kioo chukua ile laini isiyo na mchanga maana mchanga unakwaruza. Nyeupe sikushauri kama unatumia maji ya kisima yenye kutu, mimi nimeweka kijivu na sijuti. Kwenye kona, ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, hapo isiingie grauti, weka silikoni, sababu kona zinacheza na grauti itapasuka.

La mwisho, kazi ikiisha kuna mtu atatokea na kidumu cha asidi aoshe ule ukungu wa grauti, yaani utando wake unaobaki juu ya vipande. Mzuie mlangoni. Asidi inakula grauti uliyoilipia juzi tu, na ule ukungu ukiuwahi unatoka kwa kitambaa kikavu na mkono.