Chonge

Hatua ya kwanza ya mwanangu sikuiona. Aliipiga uani kwetu Pasua, Moshi, mbele ya mama mwenye nyumba, mimi nikiwa kwenye cherehani namalizia sare za shule. Nilipotoka mbio alikuwa ameshakaa chini anakula mchanga. Neno la kwanza nalo lina mgogoro mpaka leo: baba yake anaapa lilikuwa "baba", mimi nasema lilikuwa "pa", na "pa" husemwa na mtoto yeyote mwenye midomo miwili. Kukaza shingo, kugeuka, kukaa, kusimama dede, vyote nimebaki navyo kwenye picha za simu. Lakini ile Jumatatu ya Machi 2019 tuliyobishana juu ya meno ambayo hata hayajaota, hiyo naweza kukueleza mpaka kanga aliyofungiwa mgongoni.

Alizaliwa Agosti 2018. Kwa kuwa ni binti wa kwanza, kwa desturi ya Wachaga alichukua jina la bibi mzaa baba, na mume wangu akaanza kumwita "Mama" tukiwa bado wodini. Mimi ni Mpare wa Same. Nilikubali, ingawa ilinichukua muda kuzoea kusikia mwanamume mzima anaomba radhi kwa kitoto cha kilo tatu: "Samahani Mama, nimechelewa kukubadilisha."

Mwenye jina lake alishuka kutoka Kibosho juma lile lile na hakurudi mpaka mtoto alipokaza shingo. Wenye ajira wana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria. Fundi cherehani hana wa kumpa hata moja. Likizo yangu ilikuwa mama mkwe. Aliniamsha kwa mtori wa ndizi mshare na kunilaza kwa supu ya kongoro, akamwogesha mtoto, akamkanda, akafua, na wateja wakija kudai magauni yao aliwajibu mlangoni kwa Kiswahili cha upole ambacho hakikuacha nafasi ya swali la pili. Nalisema hili mapema ili linalofuata lisieleweke vibaya.

Alipofikisha miezi saba, masika ndiyo yanaanza, mtoto alikuwa anatambaa na kutia mdomoni kila kilichomfikia: vifungo, kijiti, ndala ya jirani, futi yangu ya kupimia. Udenda ulikuwa unalowesha gauni mbili kwa asubuhi moja. Tulikuwa tumeshaanza kumpa uji. Jumamosi akaanza kuhara na kuchemka mwili, Jumapili akawa anatapika hata ziwa. Jirani wa chumba cha pili, mwanamke mwema ambaye angekupa chumvi yake ya mwisho, alimfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, akaniita nitazame. Kweli palikuwa na vivimbe viwili vyeupe, kimoja kila upande.

"Meno ya plastiki haya," akasema. "Usilaze damu."

Aliyelea mtoto mikoa yetu hii anaijua habari hiyo. Wengine huyaita meno ya nailoni. Inasemekana ni meno mabaya, laini, yanayoota kabla ya wakati, ndiyo yanayoleta homa na kuhara, na yasipochokolewa mtoto anakwenda. Ndani ya nusu saa uani palikuwa na wanawake watano na kila mmoja ana mtoto wa ndugu yake aliyepona kwa kutolewa. Palikuwa na mzee ng'ambo ya reli, bei elfu tano, dakika chache tu. Nikauliza anatumia nini. Mmoja akasema sindano. Mwingine akasema njiti ya baiskeli, halafu akaniona uso, akaongeza haraka: "Lakini anaichoma moto kwanza."

Usiku ule mume wangu alimpigia mama yake simu. Jumatatu asubuhi alishuka na gari la kwanza, na dumu la maziwa na mkungu wa ndizi, kama kawaida yake. Hakukaa. Alinawa mikono, akamtazama mjukuu kinywani, akatikisa kichwa.

"Ndiyo yenyewe. Baba yake alikuwa nayo hivi hivi, mahali hapa hapa."

Akasimulia. Mwaka 1986, mume wangu bado ananyonya, kuhara siku nzima na usiku mzima, mzee mmoja kijijini akaitwa, damu ikatoka, mtoto akalia mpaka akakauka sauti, siku ya tatu akashika ziwa. "Na huyo hapo," akamalizia, akimwonyesha kwa kidevu. Huyo hapo alikuwa kwenye stuli anakunywa chai.

Nimewasikia watu, hasa walioelimika mjini, wakicheka mambo haya, kana kwamba wanaoyaamini hawana akili. Wao hawajawahi kukaa chumba kimoja na ushahidi wa aina ile. Kliniki walishatuonya tangu nikiwa na mimba, bango lilikuwa ukutani. Lakini bango ni karatasi, na hapa mbele yangu palikuwa na mwanamume wa kilo themanini, mzima, anayepulizia chai, na mama aliyemzaa anasema yeye ndiye shahidi. Watoto waliotolewa meno wakafa hawapo kwenye stuli ya mtu. Nani atawaonyesha kwa kidevu?

Mume wangu alisema twende hospitali kwanza. Mama yake akajibu kwamba hospitali hawayajui haya, watampa maji ya chumvi na kumrudisha. Walikuwa wanaelekea kuzozana kwa Kichaga, na wakifika huko mimi huwa sina langu. Nikapiga magoti nikachukua kanga.

"Mama, naomba tukapimwe kwanza. Ila mimi mikono inatetemeka. Wewe ndiye utakayembeba."

Haikuwa uongo, ingawa haikuwa kutetemeka tu. Nilijua mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake, safari itakuwa ya bibi. Alinitazama kidogo, akageuka akainama, nikamweka mtoto mgongoni, akafunga mbeleko mwenyewe. Tukapanda bajaji.

Kwenye kituo cha afya walimtundika kwenye mizani: kilo 7.6 za mwezi uliopita zilikuwa zimekuwa 7.1. Muuguzi aliifinya ngozi ya tumbo akaiachia, akatazama inavyorudi, akagusa utosi, akauliza kama akilia machozi yanatoka. Yalikuwa bado yanatoka. Tukapewa pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kwa kijiko kila akiharisha, na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kwa siku kwa siku kumi, hata kama kuhara kumekatika siku ya pili. Ziwa nisimnyime. Mama mkwe aliposikia kwamba ndani ya pakiti mna chumvi na sukari alinigeuzia macho: si nilikwambia?

Nikauliza mbona alichanjwa ya kuhara akiwa na wiki sita na wiki kumi. Muuguzi akasema ile inazuia kirusi kimoja, rota, kile kikali kuliko wenzake. Vingine vipo, na bakteria wapo, na mtoto wa miezi saba ndiyo kwanza anatambaa na kulamba sakafu, ndiyo kwanza anaonja uji na vikombe vya watu, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inazidi kupungua. Meno nayo huanza kusukuma miezi hiyo hiyo. "Meno na kuhara vinakutana njiani," akasema, "havikutumana."

Mama mkwe si mtu wa kuzungushwa. "Na haya meupe, mwanangu?"

Namshukuru yule muuguzi kwa kutocheka. Alitupeleka chumba cha pili kwa daktari wa meno, binti mdogo ambaye mama mkwe alimpima kwa macho kuanzia viatu. Binti alivaa glovu, akapitisha kidole, akasema ni vichipukizi vya chonge. Viko ndani ya ufizi, kila mtoto anavyo, ufizi ukivimba kidogo vinaonekana vyeupe. Vitatoka vyenyewe akifikisha mwaka na miezi minne hivi, au zaidi. Ni laini kwa sababu havijakomaa. Akichokolewa sasa atavuja damu ambayo mtoto aliyepungukiwa maji hana ya kupoteza, na kidonda kitaoza kwa uchafu wa chombo, pengine hata pepopunda.

"Huyu nilimtoa," mama mkwe akasema, na kumvuta mwanawe mkono kutoka mlangoni. "Akapona. Mtazame."

Daktari akamtazama. "Baba, samahani, fungua mdomo."

Lazima niseme kitu hapa. Mume wangu hafungui mdomo kwenye picha. Picha ya harusi yetu, amefumba; kitambulisho, amefumba. Chini hana chonge, kushoto wala kulia, na meno ya jirani yake yamelala kuelekea kwenye pengo. Nilipomuuliza wakati wa uchumba alisema hayakuota tu, ndivyo alivyozaliwa. Sikuwa na sababu ya kuendelea kuuliza, nilikuwa nampenda, na pengo lile hata lilimpendeza.

Daktari alimulika na tochi, akakaa kimya, akazima.

"Mama, chonge zake za chini zilitoka lini?"

"Hazikutoka."

"Walipochokoa hapa," akasema taratibu, akionyesha kwa kidole bila kumgusa, "walitoa jino la utoto. Chini yake palikuwa na mbegu ya jino la ukubwani. Ilikwenda nayo."

Mume wangu akafumba mdomo. Miaka zaidi ya thelathini, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba lile pengo lina historia. Mimi nilimwangalia mama mkwe. Nilitegemea akasirike, au abishe, maana kubisha anajua. Alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni, ambaye wala hakuwa analia.

"Kabla yake nilizika mmoja," akasema. "Kuhara hivi hivi. Huyo sikumtoa. Ningefanyaje wa pili?"

Nilijua kulikuwa na mtoto kabla ya mume wangu. Kwamba alikufa kwa kuhara sikujua, na nilivyomwona mume wangu usoni, hata yeye hakujua. Daktari alivua glovu. "Pole sana, Mama," akasema, basi, na nadhani angeongeza neno lingine angeharibu.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza isipokuwa dereva wa bajaji, aliyekuwa na maoni marefu kuhusu barabara za Moshi.

Mama mkwe alikaa siku zilizofuata. Maji alichemsha yeye, akapima kwa chupa ya lita moja, akatuzuia sote tusiguse kile kijiko. Usiku nilikuwa nikiamka namkuta amekaa kitandani na mjukuu mapajani, anahesabu vijiko kwa Kichaga. Siku ya tatu kinyesi kikaanza kushikana. Wiki ya pili mtoto alikuwa amerudi kwenye ndala ya jirani.

Sasa, jirani alipouliza uani, "Mlimpeleka?", mama mkwe akajibu, "Tulimpeleka." Hakusema wapi. Yule mwanamke akaitikia kwa kuridhika, na nikaona kabisa kitakachofuata: mtoto mwingine akihara, ataambiwa wa fundi alitolewa na mzee wa ng'ambo ya reli akapona, huyo hapo. Mkwe kumkosoa mama mkwe mbele za watu haiwezekani, kwetu Upareni wala kwao. Nikasubiri apande gari la Kibosho. Jioni ile ile nikamwita jirani kwa kisingizio cha kumpima blauzi, nikampa hadithi yote, na kadi ya kliniki nikamfungulia asome zile kilo. Alisema "kumbe". Sijui aliamini kiasi gani. Lakini mwaka uliofuata mjukuu wake alipohara, niliona pakiti ya ORS dirishani kwake.

Mengine yalikwenda haraka, au mimi ndiye niliyekuwa nimepunguza kuyahesabu. Meno mawili ya mbele, chini, yalitoka Aprili. Miezi tisa, chanjo ya surua na rubela, alimkamata muuguzi nywele. Agosti akatimiza mwaka, tukala pilau uani, na mama mkwe alipewa keki ya kwanza kwa kuwa siku ile, kwa jina, ilikuwa yake pia. Mpiga picha akasema watu wacheke. Mume wangu akafumba.

Chonge zilitoka mwanzoni mwa 2020, ya mwisho ikiwa ya chini kushoto. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada na swali lilikuwa hilo hilo, hata kabla ya shikamoo yangu kumfikia.

"Zimetoka?"

"Zimetoka, Mama."

"Za chini?"

"Zote nne."

"Nipe mwanangu."

Walizungumza Kichaga muda mrefu. Mimi niliambulia jina la mtoto na neno "daktari". Alipokata simu nikamuuliza mama amesema nini.

"Anauliza huyu mtoto anaanza lini kupigishwa mswaki," akasema, "na kwamba tusimnunulie, anao mmoja wa rangi ya pinki, ataushusha mwenyewe."