"Ole wao wenye mimba": kusoma Mathayo 24:19 bila kutishana

Kwenye mikutano ya injili hapa Moshi, aya hii huchomolewa peke yake, na vijana waliofunga ndoa juzi wanaambiwa wasizae kwa kuwa mwisho umekaribia. Kosa ni kuanzia aya ya 19. Anza ya 15, umalizie ya 20. Waliotajwa wako Uyahudi, wanatakiwa kukimbilia milimani, tena waombe isiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato. Mwenye mimba ya miezi minane au kichanga mgongoni atakimbiaje? Ole hapo ni ya huruma, wala si laana.

Kisha fungua Luka 21:20-23. Ole ni ile ile, ila Luka anataja Yerusalemu kuzungukwa na majeshi; Warumi waliubomoa mwaka 70. Wapo wanaoona utimilifu wa pili mbeleni, sawa, lakini hata wao hawapati hapo amri ya kutozaa.

Yeremia ndiye anayewachanganya wengi. Katika 16:2 anakatazwa kuoa na kuzaa. Katika 29:6 anawaandikia mateka wa Babeli waoe, wazae, waozeshe. Katazo lilikuwa lake, liwe ishara kwa taifa. Barua ilikuwa ya watu wote, nao walikuwa na miaka 70 mbele yao.

Idadi ya watoto ni mjadala mwingine. Wakatoliki wana Humanae Vitae, waraka wa Papa wa 1968, unaokubali kupanga uzazi kwa kufuata siku za mwanamke. Walutheri wengi huwaachia wanandoa dhamiri zao.