Masjala ndani ya kishikwambi

Kishikwambi changu kilizunguka kwenye kaya za watu kabla hakijafika mikononi mwangu. Ni kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye serikali iligawa kwa walimu. Nilikipokea kikiwa kimefutwa kila kitu, kitupu kama shamba la Novemba huku kwetu Dodoma. Mwaka haukuisha, kikawa kama stoo ya shule: unajua jembe limo, ila kulifikia lazima kwanza utoe madawati mabovu.

Siku iliyonitia aibu ilikuwa Jumatano moja ya Februari 2024. Mtaala ulioboreshwa ulikuwa umeanza Januari hiyo kwa Darasa la Awali, la I na la III, madarasa mengine ya juu yakiendelea na ule wa zamani. Mimi nilikuwa na Hisabati Darasa la III na la VI, kwa hiyo mguu mmoja huku, mwingine kule. Mihtasari miwili ya somo, maazimio ya kazi mawili, yaani mipango ya nini kifundishwe lini, vitabu vya aina mbili, na vyote vilikuwa vimeingia kwa mlango mmoja: grupu la walimu la WhatsApp. Nyaraka ikisharushwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mara nyingi hufika imepoteza jina lake na kupewa ubatizo mpya: DOC, tarehe, halafu WA na tarakimu nne. Nilikuwa na DOC za kutosha kufungulia hospitali.

Afisa Elimu Kata alikuja, akakaa na mwalimu mkuu ofisini, nikaitwa.

“Mwalimu, hebu tuone azimio lako la Darasa la Tatu.”

“Sawa, mama,” nikamjibu mwalimu mkuu, nikafungua DOC ya kwanza. Ilikuwa bajeti ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na kwa bahati mbaya ukurasa wa kwanza ndio uliokuwa na orodha ya vinywaji. Nikafungua ya pili. Azimio, ndiyo, lakini lililotokana na muhtasari wa zamani. Afisa alikuwa mtu muungwana, alisema tu, “Hili si ndilo tunaloliacha?” Sahihi lilikuwamo. Nililipata saa kumi jioni, nikiwa kwenye daladala kurudi Nkuhungu, lilipokuwa halina faida tena kwa mtu.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kukipanga. Na hapa ndipo nilipoteza siku nzima, nieleze ili mwingine asiipoteze. Nilikaa mkekani nikaanza na ikoni za kwenye kioo. Unabonyeza ikoni bila kuachia mpaka inyanyuke, unaiburuta juu ya nyingine, unaachia, tayari una folda. Ukigusa jina lake unaandika unalotaka. Ni kazi tamu, kama kupanga vyombo kabatini. Kufika jioni nilikuwa na folda kumi na tisa: Mawasiliano, Vitabu, Picha, Kamera, Dini, Habari, Lugha, mpaka moja niliyoiita Mengineyo, na nyingine Mengineyo 2. Nyingine nikaiita Takataka, nikaiburuta nje ya kioo, nikajisifu kwamba nimeokoa nafasi.

Nikatazama memori. Imejaa vilevile.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba kuna folda za aina mbili, na hazijuani. Ile ya kwenye kioo ni sinia tu la kuwekea ikoni. Kwenye kishikwambi changu, ukiitupa, programu zenyewe zinabaki ndani zikila nafasi yao hadi uende kwenye mipangilio ukaziondoe kabisa. Na haigusi faili lolote. Azimio langu lilikuwa bado limelala palepale WhatsApp ilipoliweka, ndani ya folda iitwayo Android, ndani ya nyingine iitwayo media, chini huko ambako mtu haendi bila sababu. Folda za mafaili zinapangwa kwa programu ya mafaili, ile yenye picha ya jalada, ambayo nilikuwa sijaifungua hata mara moja. Na huko mambo ni kinyume: ukifuta folda, na vilivyomo vinakwenda nayo.

Jirani yetu ni mzee mmoja aliyekuwa karani wa masjala, ofisi ya kutunza majalada, kwenye wizara. Alikuja na wizara yake serikali ilipohamia Dodoma, akastaafu hukuhuku, akapanda mzabibu uani, na sasa kivuli chake ndicho baraza letu. Yeye mwenyewe ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Jumapili jioni nikampelekea malalamiko yangu, si kwamba nilitegemea msaada, ni kwamba mtu akikusikiliza inatosha.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mbona na hicho kibao kama umebeba mgonjwa?”

Nikamsimulia. Akacheka ile folda ya Mengineyo 2 mpaka akafuta macho. Kisha akasema masjala haipangi jalada kwa jinsi karatasi ilivyo. Huwezi kuweka barua zote za kupiga chapa huku na za mkono kule, hata kama zinapendeza. “Jalada linafunguliwa kwa swali. Mkurugenzi ataliuliza kwa jina gani? Hilo ndilo jina.” Akaniuliza: wewe watu wanakuomba nini?

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Azimio na andalio la somo, la darasa fulani. Matokeo. Mahudhurio. Muhtasari wa kikao, maana mimi ndiye katibu wa vikao vya walimu. Nyumbani: risiti ya ada, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya bima. “Basi,” akasema, “umeshamaliza. Andika hivyo hivyo.”

Nilibishana naye kidogo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kufikiri kwa aina: PDF huku, picha kule. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia “Mwalimu, niletee PDF”.

Kwa hiyo kwenye programu ya mafaili, ndani ya folda ya Documents, nikafungua folda sita tu. Ya kwanza inaitwa 00 Mapokezi. Hiyo ni ya mzee moja kwa moja: barua yoyote ikiingia ofisini inapita mapokezi kwanza, haiendi jaladani na vumbi lake. Zinafuata 01 Darasa III, 02 Darasa VI, 03 Ofisi, 04 Nyumbani. Ya mwisho ni 09 Zamani, wanapokwenda wastaafu. Namba zipo kwa sababu bila hizo kishikwambi kinapanga kwa alfabeti, na Mapokezi ingekaa katikati kama abiria aliyekosa kiti. Sifuri ya mbele nayo ina kazi yake. Mwanzoni niliandika Wiki 1, Wiki 2, hadi Wiki 10, na kwenye changu Wiki 10 ikarukia juu ya Wiki 2, kwa kuwa kinalinganisha tarakimu moja moja kuanzia ya kwanza, na moja iko kabla ya mbili. Wiki 02 na Wiki 10 zinakaa foleni vizuri.

Halafu majina ya mafaili yenyewe. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kote, na nikiulizwa leo nitasema hapa ndipo penye kazi. Kijana mmoja tunayefundisha naye alinitania: folda za nini, ticha, si unaandika tu kwenye kisanduku cha kutafuta? Ana haki nusu. Kisanduku kinatafuta jina, na jina likiwa DOC na tarakimu, utaandika nini? Nikaanza kuyabadilisha moja baada ya jingine: 2024-01 Azimio Hisabati III mpya. Mwaka mbele, mwezi, kisha kitu chenyewe, kisha darasa. Mwaka ukitangulia yanajipanga kwa wakati bila kuamrishwa. Ukianza na siku, tarehe 3 Agosti itakaa karibu na tarehe 3 Februari na utakuwa umeruka miezi. Neno “mpya” na “zamani” niliyaweka kwa ajili ya mihtasari ile miwili. Najua mwakani hiyo mpya haitakuwa mpya. Nitahangaika nayo wakati huo. Kama mtu ana nusu saa tu ya kukipanga kishikwambi chake, aziache folda, abadilishe majina ishirini.

Mafaili mia na kitu, usiku mbili, mara moja umeme ukakatika na kishikwambi kikiwa na asilimia kumi na moja.

Kosa langu la pili lilikuja katikati ya kazi hii. Badala ya kunakili mafaili kutoka kwenye folda ya WhatsApp, niliyahamisha, nikiona nafanya usafi. Siku ya pili mwenzangu akajibu kwenye grupu juu ya picha ya ubao niliyotuma, nikaigusa, haifunguki. Inaniambia faili halipo. Lilikuwepo, ila mimi nilikuwa nimelichukua kwake na WhatsApp haikupewa taarifa. Sasa nanakili kwanza kwenda Mapokezi, nalibatiza, nalipeleka kwenye folda yake. Nakala ya WhatsApp naifuta baadaye, maana bila hivyo kila kitu kinakula nafasi mara mbili. Ijumaa mchana, wanafunzi wakiwa kwenye usafi, ndiyo saa yangu ya kumwaga Mapokezi. Wiki nyingine sifanyi, sitadanganya.

Mzee aliniuliza jambo moja ambalo sikulifikiria: “Na masjala ya siri iko wapi?” Serikalini kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na kishikwambi changu kilikuwa na matokeo ya watoto wa watu, mwanangu wa miaka saba akikichezea kila jioni. Programu ya mafaili niliyonayo ina folda yenye kufuli la namba ya siri. Matokeo yote yakaingia humo. Tahadhari ni kwamba ukiisahau namba hiyo, hakuna ofisi ya kwenda kuililia, mafaili yamekwenda, hivyo orodha za matokeo nina nakala yake kwenye memori kadi iliyofungiwa kabatini.

Kioo nilikirudia mwisho, na kilichukua dakika kumi. Folda kumi na tisa zikawa tatu: Darasani, Nyumbani na ya mtoto, ambayo iko ukurasa wa mwisho ili asipite kwenye kazi zangu akielekea kwenye michezo yake. Chini kabisa nimeacha nne ninazogusa kila siku: simu, WhatsApp, kamera na mafaili. Mwanangu ameshajifunza kuburuta. Ndani ya eneo lake ametengeneza folda akaiita SIRI YA BABA, na sijaruhusiwa kuifungua.

Muhula wa pili Afisa Elimu Kata alirudi, akataka andalio la wiki ya tano. Nililifungua kabla hajamaliza kuvuta kiti. Hakusema kitu, wala hakukumbuka habari ya vinywaji, au alijifanya.

Picha bado zimenishinda. Ziko elfu na zaidi, za ubao, za kikao, za harusi, za mahindi ya shemeji. Septemba, baada ya mavuno ya Agosti, mzee aliniomba nimwonyeshe ile picha niliyompiga akiwa ameshika kichala cha kwanza cha mzabibu wake, anataka mjukuu aliyeko Mwanza aione. Nikaanza kusogeza kidole. Nikasogeza, nikasogeza. Chai yake ikapoa. Baada ya robo saa akaniangalia juu ya miwani.

“Hiyo nayo,” akasema, “haijaletwa mapokezi?”