Stelingi hafi, ndo maana mimi nampenda aliyepigwa

Kila mabishano ya anime, hizi katuni za Kijapani, niliyowahi kuyaona yanaishia kwenye swali moja, nani mkali kuliko nani. Goku na Saitama nani anashinda, Gojo akikutana na Madara inakuaje, watu wanakesha wanabishana mpaka wanatukaniana wazazi na mimi nipo pembeni nasoma komenti nacheka tu. Siwadharau, kila mtu na starehe yake, ila hilo swali mimi lilishanitoka. Ukinikalisha chini ukaniambia nikutajie mapigano ya anime ambayo mpaka leo nikiyakumbuka vinyweleo vinasimama, karibu yote nitakayokutajia ni ya mtu aliyepigwa. Aliyepigwa akabebwa kwenye machela, au aliyekufa kabisa.

Kabla sijaendelea, humu nasimulia mpaka mwisho bila huruma. Kama Hunter x Hunter hujamaliza au ile muvi ya treni ya Demon Slayer hujaiona, kaangalie kwanza alafu ndo urudi, sitaki lawama.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza sheria tuliijua mapema, stelingi hafi. Van Damme atapigwa weee, atatema damu, utaona amelala chini macho yanapepesa, lakini kibanda kizima kinajua akiinuka hapo ndo mwisho wa yule adui, na kuna dogo mmoja lazima aanze kushangilia kabla jamaa hata hajanyanyua kichwa. Anime za ngumi nazo ni ivo ivo, tena zaidi. Nyingi ya tunazozipenda, Naruto, One Piece, Dragon Ball, Bleach, Jujutsu Kaisen, zimeanzia kwenye jarida moja la Japani linaitwa Weekly Shonen Jump, na pale wasomaji wanapiga kura kusema stori gani wameipenda, stori ikikaa chini muda mrefu inakatwa. Sasa kwa mazingira hayo mwandishi gani atamuua stelingi wake? Luffy wa One Piece hafi. Naruto hafi. Goku wa Dragon Ball anakufa anarudi, anakufa tena anarudi, siku hizi akifa hata hashtuki mtu.

Kwa iyo mwandishi mjanja anafanyaje, lile pigano la kweli, lile ambalo hujui litaishaje, anampa mtu wa pembeni.

Chukua Rock Lee na Gaara, Naruto ile ya kwanza, kuanzia episodi ya 48. Lee ni ninja mdogo asiye na kipaji, ninjutsu (mbinu za nguvu za kininja) hawezi, genjutsu (mazingaombwe) hawezi, na yuko kwenye mtihani mmoja wa kupanda cheo na watoto wa koo kubwa kubwa wenye macho ya maajabu. Alichonacho ni mikono na miguu basi. Gaara upande wa pili ana mchanga unaomlinda wenyewe, amekunja mikono tu, hata hajishughulishi. Dakika za mwanzo Lee anarusha mateke mchanga unadaka kila kitu, unaanza kusema huyu dogo kaisha. Alafu mwalimu wake Guy kule juu anampa ruhusa. Lee anakaa anavua uzito aliokuwa kaufunga miguuni, anauachia, ukifika chini sakafu inapasuka vumbi linaruka mpaka huku juu, na wale waliokuwa wanamchukulia poa wote midomo wazi.

Apa naomba nikae kidogo maana kuna kitu watu hawakisemi. Video inapita picha 24 kwa sekunde, ila anime ya TV haichorwi zote 24, mchoro mmoja unashikiliwa kwa picha mbili au tatu, yaani sekunde moja inaweza kuwa na michoro 12 au hata 8 tu. Ndo maana kwenye mapigano mengi unaona mtu kasimama kinachochezacheza ni mdomo, au mistari ya kasi inapita nyuma yake huku anahutubia, pale wanabana matumizi ya wachoraji. Ila studio ikiamua kumwaga nguvu unajua hapo hapo, hata kama hujui chochote kuhusu uchoraji. Kwa Lee waliimwaga. Akishavua ule uzito mguu wenyewe huuoni, unaona kivuli kimepita alafu kichwa cha Gaara kimeenda upande. Michoro imevutwa, imepindishwa, ukisimamisha video katikati unakuta jamaa hana hata umbo la mtu, ila ikitembea ni kasi tupu.

Anafungua ile milango minane ya ndani ya mwili inayozuia nguvu isimwagike yote, mpaka wa tano, ngozi nyekundu, misuli inachanika, anampiga Gaara hewani hata kuanguka hamruhusu. Na wewe umeshasimama unashangilia. Buyu analobeba Gaara mgongoni linageuka mchanga linampokea chini. Mchanga unamkamata Lee mkono na mguu wa kushoto, unaviponda. Basi imeisha. Alafu Lee anasimama tena, anakunja ngumi, Guy anaenda kumshika anakuta jamaa hana fahamu, mwili umesimama wenyewe, na lile jitu zima linaanza kulia. Stelingi wetu Naruto siku iyo alikuwa kule juu kwenye roshani anaangalia kama mimi na wewe.

Mtihani huo huo, Shikamaru na Temari. Shikamaru anavizia mpaka kivuli chake kinapita kwenye shimo alilochimba Naruto kwenye pigano lililopita, anamnasa Temari kwa nyuma, ameshashinda kabisa, alafu ananyoosha mkono anasema najitoa. Chakra, ile nguvu ya ndani ya ninja, imekaribia kuisha, akaona haina maana. Uwanja mzima unashangaa. Na katika wote walioufanya ule mtihani ni yeye peke yake aliyepandishwa cheo kuwa Chunin, ninja wa daraja la kati! Kishimoto, mwandishi wa Naruto, angeandika stori nzima kwa akili ile ningekufa nikiwa mtu mwenye furaha, ila mnajua wenyewe tulikoishia, vita ya dunia nzima, wafu wanafufuliwa kwa maelfu, yule adui mkuu Madara anachomwa kwa nyuma, anatokea adui mpya Kaguya kutoka hewani. Kaguya ana nguvu kuliko wote waliomtangulia na niambie ukweli, kuna mtu yeyote anarudia pigano la Kaguya? Ila la Guy na Madara watu wanalirudia. Guy anafungua mlango wa nane ambao ukifungua unakufa, anampiga Madara mpaka Madara mwenyewe anakiri hajawahi kukutana na mtu wa ngumi kama huyu, na bado hamuui. Naruto anamuokoa roho lakini mguu ndo basi, anamalizia maisha kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu na mwanafunzi wote walipigana mapigano bora ya anime iyo na wote walishindwa.

One Piece nayo ni ivo. Watu watakwambia Gear 5, ile nguvu kubwa ya Luffy, mimi nitakwambia Zoro, mtu wa upanga wa kundi la Luffy, na Mihawk, bingwa wa upanga, mwanzoni kabisa kule kwenye mgahawa wa Baratie. Zoro ana panga tatu, Mihawk anatoa kikisu anachokivaa shingoni, anacheza naye nacho. Zoro akishaona imeisha anageuka, anapanua mikono, anampa kifua, kwa sababu kwake mtu wa upanga kuwa na kovu mgongoni ni aibu. Anachanwa kuanzia begani, anaanguka baharini, na ndo anamwambia Luffy hatashindwa tena. Lile kovu analo mpaka leo, kila akivua shati tunaliona. Mimi kwangu Zoro alianzia pale, alivyokuwa anakata watu kabla ya hapo sikuwa namuelewa.

Dragon Ball Z sitaki kukaa sana maana wote tunajua, adui Freeza anasema sayari ya Namek inalipuka baada ya dakika tano na dakika zenyewe zinachukua karibu episodi kumi, sijui saa walinunua wapi. Ila Vegeta, mpinzani wa Goku, jamani. Anapigwa na Goku, anapigwa na Freeza, anapigwa na Android 18 anavunjwa mkono, anajilipua kwa adui mwingine Majin Buu baada ya kumkumbatia mwanae kwa mara ya kwanza na Buu anajirudisha tu. Na nenda popote penye mashabiki uone nani anapendwa.

Sasa tuje kwa mfalme mwenyewe, Hunter x Hunter, ile ya studio ya Madhouse ya 2011, episodi 148. Kama kuna pigano moja ningeombwa kumuonyesha mtu asiyependa katuni ni la Netero na Meruem, episodi ya 126. Netero ni mzee, mwenyekiti wa wawindaji wote. Akiwa na miaka 46 alipanda mlimani, akaamua kushukuru kwa njia yake, anaomba, anajipanga, anapiga ngumi moja, anaomba tena, mpaka zifike elfu kumi kila siku. Mwanzoni zilimchukua zaidi ya saa 18. Alipovuka 50 zilikuwa zinaisha kabla hata ya saa moja na muda uliobaki anasali. Mikono yake ikawa na kasi kuliko sauti. Unaambiwa iyo historia alafu unaletewa Meruem, mfalme wa wadudu, kiumbe kilichozaliwa juzi, na kiumbe chenyewe hakitaki kupigana, kimekaa chini kinasema tuongee.

Tena kina hoja! Hapo ndo mwandishi wake Togashi aliponiweza. Meruem kakaa siku zote zile anacheza Gungi na Komugi, binti kipofu, mchezo wa ubao, hajawahi kumfunga hata mara moja, na ule mchezo umembadilisha, ameanza kujiuliza maswali kuhusu binadamu. Sasa anakuja kumsoma Netero vile vile, kila pigo ni hatua ya kwenye ubao, anapigwa, anapigwa, anapigwa, anavumilia anahesabu, mpaka anaona upenyo anang'oa mguu. Alafu mkono. Mzee anatoa pigo lake la mwisho kabisa, lenye kila kitu kilichobaki mwilini, vumbi likitulia Meruem kasimama, kachubuka tu. Ngumi elfu kumi kila siku zimeishia pale.

Na Netero anacheka. Maana mwilini kabeba bomu, anajichoma moyo unasimama, bomu linalipuka. Sumu yake ndo inamuua Meruem baadaye, sio ngumi, sio sala. Ukijiuliza nani kashinda hapo utaumwa kichwa. Mtu aliyemaliza maisha yake kusafisha ngumi kashindwa kama mpiganaji, na silaha ya bei rahisi inayotumiwa na kila dikteta ndo imefanya kazi, na yule zimwi anaenda kufa mikononi kwa binti kipofu wakicheza Gungi na mimi natokwa machozi kwa ajili ya mdudu. Najua kuna wanaolalamika yule msimuliaji anaongea mno, wawindaji wanavamia ikulu ya Meruem kwa sekunde chache na episodi zinapita, sawa, ila mimi sikuchoka. Namek nilichoka.

Demon Slayer ndo ugomvi wangu na wadogo zangu nyumbani. Studio ya Ufotable wanachora, hilo halina ubishi, maji yanatiririka kwenye upanga mpaka unataka kunywa. Ila toa uchoraji utabaki na stori ya kawaida sana, na mimi sioni aibu kusema. Isipokuwa Rengoku, mpiga upanga wa moto anayewinda majini, kwenye Mugen Train ya 2020, muvi iliyoweka rekodi ya mauzo kuliko zote Japani. Treni imeshaokolewa, tumeshapumua, anatokea Akaza, jini hatari, na majini humo jua linawaua, bila hata hodi. Rengoku anatobolewa tumboni, hamuachii Akaza, anamng'ang'ania jua lichomoze, na Akaza anakimbilia msituni. Tanjiro, stelingi wa Demon Slayer, anamrushia upanga anamfokea kwamba aliyeshinda ni Rengoku, kwa sababu abiria 200 na hakufa hata mmoja. Dogo analia kamasi zinatoka. Wadogo zangu wanapenda ile sehemu ya moto, mimi napenda zile kelele za Tanjiro.

Jujutsu Kaisen sizoni ya pili, 2023, pale mji wa Shibuya, uchoraji wa hatari ingawa baadhi ya wachoraji wenyewe walilalamika hadharani mtandaoni kuhusu muda na mazingira ya kazi, kwa iyo nikiiangalia siwezi kufurahia kwa roho moja. Jini mkuu Sukuna anabomoa mji akipigana na yule jitu Mahoraga, watu wamekata vipande wamesambaza kila kona. Mimi nilichobaki nacho ni Nanami, mmoja wa wachawi wanaowinda majini, nusu ya mwili imeungua, anatembea kule chini stesheni anapiga majini mmoja mmoja huku akili yake iko ufukweni Malaysia. Hata sio pigano lile, ni mfanyakazi anamalizia zamu.

Na kuna moja imevunja sheria zote, maana humu anayepigwa ni stelingi mwenyewe, tena kwa hiari. Vinland Saga. Sizoni ya kwanza Thorfinn ni kisu mkononi na hasira, kila mtu aliipenda. Sizoni ya pili ni mtumwa kwenye shamba Denmark, analima, anakata magogo, anaota ndoto mbaya za watu aliowaua, na watu wakaikimbia wakasema imekuwa anime ya kilimo. Wakakosa mwishoni kule, anapotaka kuonana na mfalme Canute na askari wanamwekea sharti apigwe ngumi mia. Uwezo wa kumlaza yule mpigaji anao, tumemuona sizoni nzima ya kwanza akifanya hayo kwa watu wakubwa zaidi. Anasimama. Anapigwa zote mia, uso umevimba haumjui, harudishi hata moja, na anasema hana adui.

Kama uliiacha kwa ajili ya yale mashamba rudi, na usiruke episodi za kulima ukakimbilia ngumi, maana bila zile ngano ngumi zenyewe hutazielewa.