Saa Moja Haikutosha: Nilivyoipima Kompyuta Yangu Upya

Kompyuta hiyo niliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, iwe ghala la picha za familia na sauti za bibi nilizomrekodi kabla hajafariki. Nilipomaliza kuweka mfumo endeshi nikaibana kwa Prime95, programu inayoielemea prosesa kwa hesabu nzito, muda wa saa moja. Joto la prosesa likapanda hadi nyuzi 78, likatulia hapo, hakuna kosa lililotokea, nami nikaridhika kwamba ni nzima. Wiki tatu baadaye nikafungua faili moja la sauti, nikaambiwa limeharibika. La pili, vilevile. Nakala za mwanzo zilikuwa bado kwenye simu, na hadi leo nashukuru sikuwa nimezifuta.

Muda wote huo mashine haikuwahi kukwama wala kujizima. Hilo ndilo lililonitisha. Kompyuta inayozimika ghafla inakwambia inaumwa; hii ilikuwa ikiandika uongo kimyakimya kwenye diski.

Nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwenye flashi. Programu hii hujiwasha yenyewe bila mfumo endeshi, kwa hiyo inafikia karibu RAM yote. Nikaiacha usiku kucha. Mzunguko wa kwanza ulipita safi, wa pili safi. Saa kumi na moja alfajiri nikakuta mistari myekundu: makosa mawili, anwani moja, biti ileile. Yalikuwa yametokea kwenye mzunguko wa tatu, zaidi ya saa tano tangu kuanza.

Kwa nini ile saa moja ya kwanza haikuona kitu? Sababu ya kwanza ni chaguo langu. Ndani ya Prime95 nilikuwa nimechagua jaribio la hesabu ndogo, ambazo zinatosha ndani ya kache, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Hilo huchemsha prosesa kuliko kazi nyingi za kawaida, lakini RAM haiguswi sana. Kuna jaribio la mchanganyiko linalotumia RAM nyingi, nami sikulitumia.

Sababu ya pili ni muda wenyewe, na hapa nilikaa na kalamu. Tuseme kosa hujitokeza bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila saa nane. Jaribio la saa moja litapita safi mara 88 katika kila majaribio 100, ingawa mashine ni mbovu. Ukijaribu saa nane, bado litapita mara 37. Ukifika saa 24, ni mara tano tu. Kwa maneno mengine, ili usipitwe na kosa la namna hiyo, jaribu muda usiopungua mara tatu ya wastani wake. Na ukigeuza hesabu: saa 24 bila kosa zinakuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba makosa hayaji mara nyingi zaidi ya moja kila saa nane. Basi. Hazisemi kwamba hayatakuja kabisa, na sijaona jaribio linaloweza kusema hivyo.

Nilizima XMP, mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida, maana mpangilio huo huisukuma kupita kiwango. Makosa yakapungua, hayakuisha. Nikajaribu kijiti kimojakimoja cha RAM. Kimoja kikapita usiku mzima. Kingine kikakosea, na nilipokihamishia tundu jingine kikakosea tena, kwa hiyo ubao mama haukuwa na hatia. Vijiti vilikuwa ndani ya dhamana, nikabadilishiwa vyote viwili.

Mara hii sikuwa na haraka. RAM mpya niliipa saa 24. Prosesa niliipa usiku mmoja wa jaribio la mchanganyiko. Joto lenyewe hutulia ndani ya nusu saa hivi, kwa hiyo kama hofu yako ni feni na upoozaji tu, huna haja ya kukesha. Kisha nikaelemea prosesa na kadi ya michoro kwa pamoja, nikikatiza na kuanza tena mara kadhaa, kwa sababu pawa saplai dhaifu hufichuka pale mzigo unaporuka ghafla. Nikaiacha pia bila kazi yoyote siku nzima, nikaizima ipoe kabisa, nikaiwasha. Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naona wanakosea: kuna mashine zinazostahimili mzigo mzito halafu zinajizima zikiwa zimetulia, prosesa inaposhusha volti.

Diski ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko vyote, na hapa ukubwa wake ndio unaoamua. Diski yangu ya sahani zinazozunguka ni ya terabaiti nne. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, kuipitia mara moja ni zaidi ya saa saba. Amri ya badblocks, inayotafuta sehemu mbovu za diski, ikiwekwa katika hali ya kuandika, huandika na kusoma ruwaza nne, yaani mapito manane. Siku mbili na nusu hivi. (Inafuta kila kitu, kwa hiyo ni kwa diski tupu tu.) Ilipomaliza nikatazama takwimu za SMART, yaani rekodi za afya ambazo diski hujiwekea: sekta (vipande vya diski) mbovu zilizohamishwa, sifuri; zinazosubiri kuhamishwa, sifuri.

Kwa kompyuta ya michezo ningeridhika na usiku mmoja, maana ikizimika katikati ya mchezo nitaiwasha tena. Sauti za bibi hazina marudio. Kwa hiyo nilizinakili upya kutoka kwenye simu, nikatengeneza alama ya SHA-256 ya kila faili, alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, na kila mwezi mashine inazikokotoa tena na kulinganisha. Nakala ya pili iko kwenye diski nyingine ambayo haijaunganishwa na kompyuta hii. Mpaka mwezi huu, alama zote zinalingana.