Nilivyopiga hesabu ya kodi ya jengo kwa futi kamba

Dada yangu yuko Muscat, nyumba yake iko Tabata, Dar es Salaam, na mimi ndiye msimamizi nisiyelipwa. Mwaka jana aliniuliza kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, kodi ya jengo kwa mwaka inafika ngapi? Nitume yote kwa mpigo."

Jibu lilikuwa kwenye simu yangu. Mimi nikaenda kwa jirani mstaafu, mzee wa kaunda suti ambaye hajawahi kushindwa swali. "Kijana, kodi ya jengo inafuata thamani ya jengo. Pima, thamini, toa asilimia." Na si kwamba alitunga, maana zamani nyumba zilithaminiwa kweli.

Nikaazima futi kamba kwa fundi. Jumamosi nzima nilipima vyumba, kibaraza, choo cha uani, mpaka banda la kuku ambalo halina kuku. Mabati niliyahesabu nikiwa juu ya ngazi iliyokosa kidato cha tatu, watoto wa mtaa wananitazama kama sinema. Tofali nikakadiria ukuta kwa ukuta, saruji nikaongeza kidogo kwa heshima ya dada. Ikaja milioni 85. Mzee akanipa asilimia sifuri nukta tatu, alikoitoa anajua mwenyewe. Jumla 255,000! Nikamtumia dada hesabu pamoja na picha yangu nimeshika futi. Hela iliingia jioni ile ile, na sifa juu.

Wiki mbili baadaye mama wa saluni, mpangaji wa chumba cha mbele, akanifuata. "Kaka, kila mwezi nikinunua umeme mara ya kwanza nakatwa 1,500 ya jengo. Kwani jengo langu?" Akanionyesha meseji. Nilitamani futi kamba linimeze.

Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hapa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Mabati ya dada hayahusiki hata kidogo. Na kama nyumba imekaa tupu miezi kadhaa, usishangae siku unanunua umeme unakuta deni linakusubiri.

Ila nyumba ile ina mita tatu: ya kwangu, ya saluni na ya vyumba vya uani. Paa moja, kodi moja, lakini mita haijui iko chini ya paa gani mpaka mwenye nyumba aseme. Hapa ndipo nilipokuwa mjanja, niruhusuni nijisifu. Tarehe mosi, kabla mpangaji yeyote hajaamka, nilinunua umeme wa 3,000 kwa kila mita na kupanga meseji tatu kwenye daftari. Ya kwangu ikakatwa, ya saluni ikakatwa, ya uani ikapita salama. Kwa hiyo tulikuwa tunalipa 36,000 badala ya 18,000. Nikaenda ofisini na namba za mita zote, kitambulisho na barua ya dada. Ya saluni ikaondolewa. Foleni siisimulii.

Mama wa saluni alikuwa ametunza meseji zote, miezi 11. Nikamkatia 16,500 kwenye pango, na nauli ya bodaboda akadai, nikampa.

Pango la ardhi, lile la mwenye hati, ni kitu kingine kabisa na lina namba yake ya malipo. Nililisahau kwenye makadirio yangu ya kitaalamu, likala elfu thelathini na kitu.

Na yule mzee wa asilimia? Ana miaka 71, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Wazee wa kuanzia miaka 60 wana msamaha kwa nyumba wanayoishi, ila lazima waombe. Yeye alikuwa anakatwa kila mwezi, hana habari. Nilipomwambia alikaa kimya kwanza, kisha akaniomba nimsindikize.

Dada amekubali hesabu mpya. Sasa anauliza chenji ya ile 255,000 iko wapi. Nimemtumia picha ya geti, limepakwa rangi, linang'aa. Bado hajajibu.