Ndoo ya Bibi

Ndoo ilikuwa ya kufulia, ya lita 20, na ilikuwa ya bibi. Nilimwambia naiazima. Sikumwambia kwamba naitoboa kitako.

Msimu uliotangulia sota, wale viwavi wakata miche, walinimalizia miche ya nyanya. Asubuhi unaikuta imelala, shina limekatwa palepale usawa wa udongo kama kwa wembe. Ile michache iliyosalimika ikalemewa na matunda kabla sijaichomekea miti ya kuegemea. Kwa hiyo niliposikia kuwa nyanya yaweza kupandwa kichwa chini, ikaning'inia hewani ambako sota hafiki wala mti wa kuegemea hauhitajiki, nikaona dawa nimeipata.

Nilitoboa tundu la upana wa sentimita 5 hivi kwa kisu kilichopashwa moto. Kilichonitoa jasho ni kuupenyeza mche. Mizizi na donge lake la udongo niliviviringisha kwenye karatasi, nikavisukuma kutoka chini mpaka vikaingia ndooni, kisha kwa ndani nikalizungushia shina kipande cha sifongo nilichokichana hadi katikati, ili udongo usimwagike. Nikajaza udongo uliochanganywa na mboji, nikaitundika ndoo kwenye kulabu ya boriti barazani.

Bibi akatoka, akatazama juu, akainama akatazama chini.

"Mjukuu wangu, mche huu umekukosea nini hata ukautundika kama popo?"

Na mche wenyewe haukukubali. Siku chache tu ncha ilikuwa imeshaanza kupinda, na baadaye shina zima likawa kama ndoana, linarudi juu kuuparamia ubavu wa ndoo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua sababu: shina likilazwa au kupinduliwa, homoni yake ya ukuaji, auksini, hujikusanya upande wa chini, seli za upande huo zikarefuka kuliko za juu, na shina likajikunja kuelekea angani. Wakati ule niliona ukaidi tu. Kila asubuhi niliunyoosha kwa mkono, kila jioni nikaukuta umerudi.

Kisha kiu. Ndoo inayopigwa na upepo pande zote hukauka upesi, nami nilikuwa msahaulifu: leo tone, kesho mafuriko. Matunda ya kwanza yakatoka na doa jeusi lililodidimia. Huko ndiko kuoza kitako; maji yakija kwa kurukaruka, madini ya kalisi hayafiki vizuri kwenye tunda. Nikaapa kumwagilia bila ubahili, asubuhi na jioni.

Hapo hesabu ikanishinda. Kila lita ya maji ni kilo moja, na udongo uliolowa haukuwa mwepesi hata kabla ya hapo. Kulabu ilishikiliwa na skrubu mbili fupi.

Ilianguka usiku. Bibi alinitangulia barazani na tochi. Ndoo imelala ubavu, udongo umetapakaa mpaka mlangoni, shina limekatika kwenye lile pindo, nyanya mbichi zinabingirika kama gololi. Nilikuwa nakusanya nitupe. Bibi akanipokonya kile kipande cha ncha, akapitisha kidole gumba juu ya vipele vidogo vyeupe vilivyojipanga kwenye shina.

"Hii ni mizizi inayosubiri udongo. Lete jembe."

Usiku uleule! Akapukutisha majani ya chini na maua yote, akakifukia karibu nusu ya urefu wake, akamwagia maji. Kisha akaichukua ndoo yake, akakifunika nayo kitako juu, akaididimiza mdomo ardhini vidole viwili.

"Jua lisikichome," alisema, "na hao sota wako wakome."

Siku ya nne niliinama nikachungulia kwenye tundu langu. Majani yalikuwa yamesimama.